Kiwavi Aliyetembea Kinyumenyume

Juzi, kwenye matembele ya jirani yangu hapa Nyakato, nilimwona kiwavi mnene wa kijani mwenye pembe moja, nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni: shambani kwetu Kisesa udongo ulinukia mvua, na majani ya viazi yalikuwa yametobolewa vibaya. Muuza dawa aliyekuja na baiskeli kutoka mjini alimwambia mama kwamba hao ni viwavi jeshi, wangemaliza hadi mahindi. Mama akaanza kufungua fundo la khanga.

“Siyo viwavi jeshi,” nilisema. “Wale hawana pembe. Hawa wana pembe, na wanatembea kinyumenyume.”

Nilikuwa mtoto wa wakulima waliofuga ng'ombe pia. Nilijua pembe huota kichwani tu.

Mama aliokota mmoja, akamtazama, akalikaza tena fundo lake.

“Tutawaokota kwa mikono, kaka,” alimwambia. “Binti yangu anawajua.”

Tuliwaokota mpaka jua likazama, nami nikitembea kama bwana shamba.

Siku hizi najua kwamba pembe yao iko mkiani. Mama, aliyelima viazi maisha yake yote, alijua hata siku ile. Hakunisahihisha mbele ya mgeni.