Mikono Nyuma ya Mabanzi

Mzee Ambindwile alikuwa na kikohozi cha uongo, na kijiji kizima cha Suma kilikijua. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa, lakini kila alipokaribia kona ya migomba alianza kukohoa tangu mbali ili mkamwana wake, Tusekile, asikie na kujificha. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawapishani njiani wala hawaketi chumba kimoja. Mimi ni Mwislamu, muuza kanga wa Ibighi, nimezaliwa hukuhuku, na bado nilikuwa namcheka.

"Baba, utakuja kuumwa kifua kweli," nilimwambia.

"Bora niumwe mimi, mama Zuber, kuliko mtoto wa watu akimbilie migombani na ndoo ya maji kichwani."

Asajile, mwanawe, mume wa Tusekile, alipofariki, mzee hakuacha kukohoa. Alikuwa akileta mkungu wa ndizi, anauweka pale konani, anakohoa, anaondoka. Tusekile akitoka anakuta mkungu tu. Waliishi hivyo, na mimi nasema wazi kwamba sijaona baba aliyempenda mwana wa mwenzake kama yule.

Ambindwile ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Hatukuulizana dini, maana kila mtu anahitaji kuzikwa. Lakini mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi maisha yalikuwa magumu. Mbao za jeneza zilikuwa hazishikiki kwa bei, na waliopunguzwa kazini walirudi vijijini mikono mitupu. Mmoja wao, Obed, akaleta hoja kwamba mume akifa, uanachama wa mke ukome, mpaka aolewe na mwanachama mwingine. Maana yake Tusekile na wanawe wangebaki bila wa kuwazika. Obed hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa tu, na mtu akiogopa huanza kupunguza wenzake.

Kanuni yetu ilisema sheria hubadilishwa kwa kura za wanachama wote, wake kwa waume. Tulidhani tunaifuata. Tulikutana kwenye banda la kupimia majani ya chai, wanaume na wanawake wazee ndani, na wakamwana nje, nyuma ya ukuta wa mabanzi ya mbao, kwa sababu baba wakwe zao walikuwa humo ndani. Walisikia kila neno.

"Wanaokubali, nyosheni mikono," alisema mzee.

Ikanyooka mingi. Wanaokataa tulikuwa wachache. Mwenyewe hakunyosha, kwa kuwa mwenyekiti wetu hapigi kura mpaka zilingane, lakini uso wake ulikuwa umesawijika.

"Imepita," akasema Obed.

Nikatoka nje nisije nikalia mbele yao. Nilipozunguka banda nikawakuta wakamwana wamekaa kwenye mabua, kanga zimevutwa usoni, mikono bado iko juu. Hakuna aliyewaambia washushe, kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Tusekile alikuwa ameushikilia mkono wake kwa mkono wa pili, umechoka. Niliona aibu. Miaka yote ile tulipitisha sheria huku wao wanaunyoshea ukuta mikono.

Nikarudi ndani. "Mwenyekiti, nje kuna mikono."

Obed aliugeukia ukuta wa mabanzi.

"Basi waingie wahesabiwe," alisema Obed.

"Wataingiaje na mimi nimo humu?" aliuliza mzee.

"Mama Zuber awahesabu hukohuko."

"Halafu ijulikane mkamwana wa nani kampinga baba mkwe wake? Huyo jioni atakula wapi?" Ambindwile alikohoa, na mara hii sidhani kama alikuwa anaigiza. "Juzi tumechagua Rais kwa kura ya siri. Hapa tunashindwa nini? Kura hii naifuta. Leteni chungu."

Chungu kikafunikwa kitambaa. Punje ya hindi ni kukubali, ya haragwe ni kukataa, na kila mtu apitishe ngumi iliyofumbwa chini ya kitambaa. Walioko ndani tulitumbukiza kwanza. Kisha mzee akavaa kofia, akawaambia baba wakwe wenzake wamfuate kwa mlango wa upande wa barabara. Mvua ilikuwa inanyesha. Walinung'unika sana, wengine wana vitambi na magoti mabovu, lakini walishuka hadi darajani, wakasimama huko wameligeuzia banda mgongo. Mimi na Obed tukabaki kukilinda chungu. Ndipo wakamwana wakaingia, mmoja mmoja.

Obed ndiye aliyemimina na kuhesabu mbele ya wote. Maharagwe yaliyashinda mahindi. Akahesabu tena, akaona ni yaleyale, akashuka darajani mwenyewe kuwaambia wazee. Wanasema Ambindwile alivua kofia, akajipangusa uso, akasingizia mvua.

Alikufa miaka kadhaa baadaye, kwa kifua cha kweli, na sikupata tena wa kumtania. Siku ya mazishi wakamwana walikaa nyuma ya nyumba kama ilivyo ada. Obed, mwenyekiti mpya, akatangaza wanachama wapite kuaga. Tusekile akatoka nyuma ya nyumba, akaingia kwenye mstari. Mzee mmoja akaanza kumzuia.

"Ni mwanachama," alisema Obed.

Tusekile akasimama mbele ya jeneza, akaiondoa kanga usoni, akamtazama baba mkwe wake kwa mara ya kwanza. Alikawia pale, na hakuna aliyemharakisha. Baadaye, tukimenya ndizi jikoni, aliweka kisu chini.

"Mama Zuber," aliniambia, "kumbe ndivyo Asajile wangu angekuwa akizeeka."