Nyumba Iliyofungwa kwa Ajili ya Keki

Harufu ya arki ya vanila, popote ninapokutana nayo, hunirudisha kwenye joto la chumba kilichofungwa madirisha mchana kutwa. Wenzangu wengi vanila huwakumbusha sikukuu na nguo mpya. Mimi hunikumbusha kukaa ndani, viganja vyangu vikiwa vyeupe kwa sukari ya unga, huku upepo wa Dodoma ukigonga bati za paa kana kwamba kuna mtu juu anatafuta pa kuingilia. Nilikuwa darasa la sita. Kiangazi kile kilikuwa cha kwanza kwetu Nzuguni, pembezoni mwa mji, na nikikitazama leo sioni mwezi mmoja uliokuwa mfupi.

Tulitokea Tanga. Baba alikuwa dereva wa wizara, na wizara ilipohamia Dodoma naye akahama nayo, sisi tukifuata nyuma na magodoro, majungu na vyombo vya mama vya keki. Baba mwenyewe hakukaa hapo nyumbani hata tukamzoea upya. Kila wiki alikuwa na safari ya kumpeleka bosi mahali. Nyumba tuliyopanga ilikuwa peke yake, na majirani walitenganishwa nasi na viwanja ambavyo havijajengwa, udongo mwekundu na vichaka vya miiba. Mama alikuwa fundi wa keki za sherehe, na Tanga alikuwa na jina lake. Jiko letu la kule mlango haukufungwa. Wanawake waliingia bila hodi, wakaketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakala vile vipande vya pembeni vinavyokatwa ili keki ikae sawa, wakasema watu mpaka magharibi. Mimi nililelewa katikati ya kelele hizo, na nilidhani ndivyo keki zinavyotengenezwa kila mahali duniani.

Dodoma ilituumbua mapema. Fondanti, ule unga mtamu unaokandwa kama wa chapati na kufunikwa juu ya keki, Tanga hutoka jasho. Ukiiacha mezani inang'aa na kunata, kwa hiyo mama alizoea kuishindilia sukari ili ikaze. Alipofanya vivyo hivyo Nzuguni, ilipasuka mbele ya macho yake kabla hajamaliza kuisukuma, nyufa zikatambaa toka pembeni hadi katikati kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Mama aliitazama akacheka, akasema nchi hii inakausha hata sukari. Akapunguza sukari, akaongeza glisarini ya kulainisha, akanifundisha kufunika kila donge kwa mfuko wa nailoni na kuchukua kidogo kidogo, na kujipaka mafuta viganjani kabla ya kugusa. Hilo la ukavu tulilimudu. Lililotushinda lilikuwa vumbi.

Keki yake ya kwanza ya huku ilikuwa ya send-ofu, nyeupe tupu, bibi harusi ametaka hivyo. Mama akaiweka mezani karibu na dirisha lililo wazi ili ipoe kama alivyozoea, akaingia kuswali alasiri. Kimbunga kidogo kikapita uwanjani, vile vimbunga vya huku vinavyozunguka na mifuko na majani makavu, kikamaliza kazi yake kwa muda mfupi sana. Aliporudi, keki ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Sikuwahi kumwona mama akilia juu ya kazi, na siku ile pia hakulia. Aliivua keki vazi lake lote, akaanza upya, na toka siku hiyo madirisha ya nyumba yetu yalifungwa. Chini ya mlango ililazwa kanga iliyoloweshwa maji. Kila penye upenyo palibandikwa karatasi ya gundi. Siku za keki, ambazo zilianzia Jumatano mpaka Jumamosi, hakuna aliyetoka ila kwa shule, na hakuna aliyeingia.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake pekee, na msaidizi wa keki hachezi nje. Mama hakunigombeza, alinionyesha tu nywele zangu, nyusi zangu, pindo la gauni, akasema, "Mwanaidi, wewe ukitoka unarudi na uwanja mzima." Shule yangu ilikuwa mjini. Nilikwenda na kurudi kwa gari la shule, nalo lilifungwa vioo kwa ajili ya lile lile vumbi. Nikifika nyumbani nilioga, nikafunga kilemba, nikakaa mezani kutengeneza mawaridi. Petali unaibana kwa vidole mpaka ukingo wake uwe mwembamba, kisha unaizungushia kitovu, kisha nyingine, kisha nyingine. Hata Jumapili mpaka Jumanne, siku zisizo na keki, nilitengeneza mawaridi ya kuweka akiba. Nikawa hodari. Ningependa kusema kwamba kazi ile ilinifariji, lakini nitakuwa nadanganya. Nilikuwa mpweke mpaka nikawa nazungumza na mawaridi, nikiyapa majina ya wasichana wa Tanga.

Mezani kwangu palitazamana na dirisha la mbele, na ng'ambo ya uwanja ndiko ilikuwa nyumba ya akina Sechelela. Jina lake nililijua kabla hajanijua, kwa kuwa mama yake alikuwa na sauti ya kuita hata Kizota, upande wa pili wa mji, wakasikia. Alikuwa darasa la saba, mrefu, mwenye kicheko cha kujitupa nyuma. Kila jioni wasichana walijikusanya kwao kuruka kamba na kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na vumbi lao lilipanda mpaka nikawa naona miguu haina wenyewe. Nilimsoma msichana yule kama wengine wanavyosoma vitabu. Nilijua kwamba akingojea zamu yake husimama kwa mguu mmoja, wa pili akijikuna nao kwenye muundi. Nilijua akishindwa hujifanya kiatu kimekatika. Nilimtaka awe rafiki yangu kwa namna inayouma kifuani, na hata leo sioni haya kuisema.

Siku moja alikuja. Nilimwona anavuka uwanja, kamba begani, nikasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Akapiga hodi. Mama alikuwa na mikono yote miwili kwenye fondanti iliyosukumwa, ule wakati ambao ukiiacha kidogo tu imeharibika, akajibu kwa sauti bila kufungua, "Mwanangu, kuna keki! Rudi siku nyingine." Sechelela akasimama kidogo. Kisha nikamwona mgongo. Mama, tumtendee haki, alisema kweli tupu. Wenzake wa kazi wangeelewa mara moja. Ila mtoto wa jirani anaposikia kwamba mlango haufunguki kwa sababu kuna keki, anaondoka na nini kichwani? Hakurudi siku nyingine, wala mwenzake yeyote.

Kiangazi kilipokuwa kinaishia, mbingu imeanza kubeba mawingu ya uongo, mama yake Sechelela alikuja kuagiza keki ya kipaimara cha binti yake. Alizungumza na mama barazani, mlango ukiwa umerudishwa nyuma yao. Alitaka keki ya ghorofa mbili, na juu yake msichana aliyevaa gauni jeupe na shela. Mama alipoingia aliniangalia akasema, "Huyo msichana utamfinyanga wewe. Mimi simjui sura." Nadhani alijua alichokuwa ananipa. Nilichanganya kakao kwenye fondanti mpaka nikapata rangi yake hasa, ile yenye wekundu kwa mbali. Nilimvika gauni, nikamkunjia shela kwa mti wa kusukumia chapati. Mara mbili alipasuka shingoni nikamvunja. Mara ya tatu nilimsimamisha kwa mguu mmoja, kijiti cha kuchokolea meno kimepita ndani ya goti, mguu wa pili nikauegesha kwenye muundi. Mama alimzunguka akimkagua, akaniuliza kwa utani ni wapi nimeona anayepokea kipaimara akijikuna. Lakini hakumbadilisha.

Jumapili ya sherehe tulibeba keki kuvuka ule uwanja, mama mbele na ghorofa ya chini, mimi nyuma na ya juu, tumezifunika kwa shuka kama wagonjwa. Maturubai yalikuwa yamefungwa, muziki unatoka kwenye maspika makubwa, pilau linanukia. Sisi ni Waislamu na kanisani hatukuwepo, kwa hiyo tulifika kama mafundi, tukasimama kando ya meza kama mafundi. Watu walimwona msichana wa fondanti wakaanza kugusana viwiko na kucheka, maana walimjua kwa miguu kabla ya sura. Nami moyo ukaanza kunidanganya. Kwa desturi ya sherehe zetu, mwenye sherehe hukata keki na kuwalisha watu wake kwa mkono, mshereheshaji akiwaita kwa zamu: wazazi, bibi, mlezi wa kiroho, mwalimu. Mwisho huita rafiki. Nilikuwa nimeshalipanga kichwani. Angemtazama yule msichana, angeuliza nani kamtengeneza, angeniita. Mshereheshaji akapaza sauti, "Sasa rafiki yake kipenzi, yule wa moyoni!" Nikafuta mikono kwenye gauni. Sechelela akanyoosha kidole upande wa pili, akatoka msichana aitwaye Upendo akikimbia, wakalishana, wakapakana krimu puani, watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga makofi. Nilijikaza kisabuni, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Muziki ulipobadilika, Sechelela alikuja mezani kumchukua mwanasesere wake. Alimwamkia mama shikamoo, akauliza ni nani aliyemtengeneza hivi. Mama akanisukuma mbele kwa kiganja.

"Wewe?" akasema. Alinitazama juu mpaka chini kwa mshangao. "Kumbe unatokaga nje?"

Nilifuta tena mikono kwenye gauni.

"Mi nakuonaga dirishani tu. Tulijua unaumwa. Hata shule unapelekwa na gari. Mama alituambia tusiwe tunakuja kukusumbua."

"Siumwi," nilimwambia. "Huwa kuna keki."

Alicheka kile kicheko chake cha kujitupa nyuma, kisha akaona mimi sicheki, akaacha. Akaniambia basi nije kesho turuke kamba. Nilikwenda kesho yake, na siku nyingine chache, mvua zilipolilaza vumbi kidogo na mama akaniachia. Nilikuwa siwezi kamba hata kidogo na walinisubiri kwa upole, ule upole wa kumsubiri mtu aliyetoka hospitali, kwa sababu uvumi uliokomaa hautoki kwa siku moja. Januari Sechelela akapelekwa shule ya bweni. Likizo zake nilizisikia kwa sauti ya mama yake, mpaka nao wakahama.

Jioni ya sherehe, tukirudi na sinia tupu, nilimwambia mama kwamba mtaa mzima unadhani mimi ni mgonjwa. Aliihamishia sinia mkono wa pili. Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Na mimi wanadhani nina nini?" Nilikuwa nimejaa kilio changu hata sikulisikia vizuri swali lile. Sikukumbuka kwamba sherehe nzima alisimama karibu na kisu chake, na kwamba mtu pekee aliyemsemesha alitaka kujua kama vipande vitatosha.

Siku hizi ninafanya kazi Mtera, kwenye ofisi iliyo karibu na bwawa, ambako samaki ni wengi na watu wa kuzungumza nao ni wa kutosha. Nzuguni imejaa. Barabara imewekwa lami, viwanja vyote vimepata mageti, na vumbi lililotufungia ndani limepungua hata ukilisimulia wageni wanadhani unaongeza chumvi. Mafundi wa keki wamekuwa wengi pia, wasichana wanaoonyesha kazi zao kwenye simu na kupeleka kwa bodaboda, na wateja wa mama wamewafuata. Baba alishafariki. Mwezi uliopita mama alinipigia simu kwamba amepata kazi ya keki kubwa, mikono yake haiwezi tena kukanda, nije nimsaidie. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi asubuhi. Nilikuta meza imefutwa, vyombo vimepangwa, wala hakuna keki ya mtu yeyote. Mteja ameahirisha, alisema, na akageuka upesi kuchochea mkaa. Sikumuuliza mteja gani. Nilifunga kilemba, nikanawa mikono, nikamwambia kwa kuwa nimekuja basi tuipike.

Tuliipika, tukaipamba siku nzima, yeye akikosoa na mimi nikikanda, na kwa saa zile tulicheka kama watu wa Tanga. Tulipoikata, kila mmoja akala kipande kimoja. Iliyobaki ilikuwa kubwa mno. Nikamuuliza tuwapelekee akina nani. Mama alianza kuhesabu kwa vidole, akataja mwanamke mmoja, akakumbuka kwamba alihama. Kidole kikabaki kimesimama hewani. Nilimwona anatafuta, macho yakienda ukutani na kurudi, na nikajua yule mtoto wa mezani hakuwa peke yake katika nyumba ile. Tulikuwa wawili, kila mmoja na dirisha lake.

Mama akachukua sahani, akajaza vipande, akaifunika kwa kitambaa na kunipa.

"Anza na hao wa geti jeusi," akasema.

"Wanaitwaje?"

"Sijui, mwanangu. Waulize." Kisha akafungua kanga yake na kuifunga upya vizuri. "Hebu ngoja. Twende wote."