Mkono Uliomgusa Pomboo

Wiki iliyopita, nikisubiri zamu yangu katika studio moja ya picha pale Tarime, mchimbaji wa dhahabu kutoka Nyakunguru alisukuma simu yake juu ya kaunta. Alitaka asafishiwe picha moja, kubwa ya kutundika ukutani. Shimo lao lilikuwa limetoa mawe mazuri. Wenzake walinunua ng'ombe na pikipiki, yeye akapanda ndege mpaka Dubai, kwenye bustani ya wanyama wa baharini.

"Hapa umefumba macho," mpiga picha alisema. "Tafuta nyingine."

"Hiyo hiyo."

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kupiga picha ya pasipoti, alisogea. "Huyu ni samaki gani, mwanangu?"

"Siyo samaki, mama. Ni pomboo, ananyonyesha kabisa. Walisema tumguse mgongoni, halafu tutazame kamera. Mimi nikajisahau, nikamkuna chini ya koo kama ninavyomkuna dume langu la ng'ombe nyumbani."

"Hakukuuma?"

"Alitulia, akaniegemea. Moyo wake unapiga, mama. Niliusikia hapa." Akafungua kiganja.

Kilikuwa kigumu, kimejaa makovu ya nyundo na mawe. Mama alikishika kwa mikono miwili, akakiweka shavuni.

Miaka hii ya dhahabu nimeona watu wakigombania kushika jiwe. Siku ile tulipanga foleni kushika mkono wa mchimbaji, hata mpiga picha akatoka kaunta akaja nyuma yangu. Nami, ninayejifanya nimeona mengi, sikunawa mpaka ugali ulipofika mezani.