Saa ya Binti

Kaka yangu ni fundi saa, na kwenye mambo ya wakati hana masihara. Kila asubuhi anasubiri milio ya redio, lenzi jichoni, ndipo anarekebisha saa zake. Mimi nashona chumba hichohicho, cherehani yangu imegusana na meza yake, kwa hiyo hotuba zake zimenikinaisha: dunia nzima ina wakati mmoja, kila nchi inajumlisha au kutoa masaa yake, basi!

Ukutani katundika saa ya kwetu, na pembeni yake saa ya binti yake aliye ughaibuni, masaa mawili nyuma. Tangu binti asafiri, miezi minne tu, ilikuwa haijakosea hata dakika.

Jumatatu ile binti alikuwa anapasuliwa moyo. "Baba, nipigie saa mbili kamili za huku, kabla sijaingizwa," alisema. "Naogopa. Nataka nikusikie." Kaka akazima simu tangu alfajiri, eti chaji isiishe. Tukakaa tunaikodolea macho saa ya binti.

Ilipofika saa mbili kamili akapiga. Akapokea rafiki wa binti.

"Baba, ameshaingia. Alikungoja saa nzima."

"Saa nzima ipi? Si ndiyo kwanza saa mbili!"

"Huku ni saa tatu. Jana nchi nzima ilisogeza saa mbele. Ndivyo wanavyofanya kila mwaka."

Kaka akanigeukia, mdomo wazi. "Wamesogeza? Kwa ruhusa ya nani?"

Loo, niulize vifungo, kaka, si hayo! Akaishusha saa, akaifungua, akatafuta kosa ndani. Halikuwepo. Nilitaka kumfokea, nani alimtuma azime simu? Badala yake nikaichukua simu yake mezani. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa binti: "Baba, mbona hupatikani? Haya, naingia."

Akashika mshale ausogeze mbele, akasita. "Nikiusogeza, hiyo saa aliyoningoja inakwenda wapi?"

Siku nzima sikushona hata pindo moja, roho juu.

Jioni simu ikalia. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yeye.

"Baba? Nimezinduka. Huko saa ngapi?"

Saa zaidi ya ishirini zilikuwa zinagonga mbele yake. Kaka akazitazama zote, machozi yanamtiririka.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Niambie wewe."