Siku Niliyoiacha Fimbo Somanda

Wenzangu, mkiniona nacheka ninapoisimulia habari hii msidhani sioni haya. Ninaona, tena sana, ila aibu hii nimekaa nayo miaka mingi hadi tumezoeana. Mimi ndiye yule mtu wa Somanda, pale Bariadi, aliyekwenda kijiji cha Nkoma kumposea mdogo wake, akaishia kumwangukia mama mkwe mbele ya watu na kuku.

Wakati huo Bariadi bado iko Mkoa wa Shinyanga, na wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza wameruhusiwa, kila kijiji kina mizani mbili tatu na kila kampuni inatafuta makarani. Mimi nilikuwa karani wa stoo wa mojawapo, mtu wa daftari na kalamu mbili mfukoni (moja ikigoma), na nilikuwa na ugonjwa ambao pale mjini hakuna aliyewahi kuusikia. Ulianza kwa ganzi miguuni, kisha jicho moja likaingia ukungu, likapona lenyewe, kisha nikaanza kuyumba. Nilizunguka hospitali, nikazunguka na kwa waganga wa kienyeji (wawili tu, wa tatu alitaka ng'ombe mweusi), mwishowe mwajiri akanisaidia nikafika Nairobi, nikapigwa picha ya kichwa ndani ya mashine inayotwanga kama kinu, na daktari akasema ni multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Alinitundikia dripu za siku chache, miguu ikatengemaa. Akaniambia dawa ya kuumaliza kabisa hakuna, ila nipumzike, nifanye mazoezi, nitembee na fimbo, na nikwepe joto, maana mwili ukipata joto dalili zote zinarudi. Nikayaandika yote, na chini ya neno "joto" nikapiga mstari mara mbili.

Sasa basi. Mdogo wangu Masanja alikuwa anampenda Kabula, binti wa Mzee Maduhu wa Nkoma. Baba yetu alishafariki, hivyo mkubwa wa kwenda kujitambulisha nilikuwa mimi. Mzee Maduhu alikuwa mzee wa kanisa, na sifa yake ilifika hadi Bariadi: nyumba yenye mlevi haipati binti yake. Mchumba mmoja kabla ya Masanja alirudishwa kutoka uani kwa sababu tu mjomba wake alinuka gongo. Masanja alinishika mikono yote miwili. "Kaka, nakutegemea wewe. Wewe hata togwa hunywi."

Asubuhi ya safari mke wangu, Nkwimba, alinikabidhi fimbo mlangoni. Nikaitazama. Kwetu, kabla ya kutoa binti, watu wanauchunguza ukoo wenu mpaka kwenye mizizi, nami nikapiga hesabu kwamba wakiiona fimbo mkononi mwa mtu wa miaka thelathini na minne watauliza, wakiuliza nitasema, nikisema watasema ukoo umerogwa, na Masanja atabaki kapera. Nikaisimamisha nyuma ya mlango.

"Unaiacha?" Nkwimba akauliza.

"Leo niko vizuri."

"Na suti hiyo?"

Suti. Nilikuwa nimeiokota kwenye marundo ya mitumba mnadani, sufu nzito ya kijivu yenye bitana, imeshonwa kwa ajili ya nchi za barafu, na mimi nimeivaa Bariadi, mwezi wa tisa, pamoja na tai.

"Haya, baba, utakuja kunisimulia," akasema, akarudi ndani kuchambua dagaa.

Mimi na baba mdogo Jilala tulipanda lori la kampuni lililokuwa linakwenda Nkoma kubeba pamba, na kwa heshima yangu nikawekwa mbele, katikati, juu ya injini. Tunafika, mwili unachemka kama maharage, na macho nayo yakaanza, kila kitu viwili viwili.

"Baba mdogo," nikanong'ona, "naona nyumba mbili."

"Ingia yoyote, mradi usianguke."

Niliuvuka uwanja wa ukweni mguu wa kulia ukitangulia na wa kushoto ukiburuzwa kama jembe, nikapiga teke sufuria la maji ya kuku, nikaliomba radhi. Mbele yangu walisimama Mzee Maduhu wawili, kofia zinafanana, wote wamenyoosha mikono. Nikamchagua wa kushoto. Nikainama, nikamkamata mkono kwa mikono miwili, nikautikisa kwa heshima zangu zote. "Mwangaluka, baba!"

"Huo ni mti," akasema Mzee Maduhu wa kulia.

Kweli, nilikuwa nimeshika nguzo ya kibanda.

"Safari imemchosha," akasema baba mdogo, akanisukumia kwenye kiti. Wakaleta chai. Ya moto. Nikainywa yote, maana kukataa chai ya ukweni ni kosa, na kadiri ilivyoshuka ndivyo ulimi ulivyokuwa mzito, nikijaribu kusema "tumekuja kwa heri" inatoka kama mtu aliyejaza viazi mdomoni. Mzee akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama mawingu, na siku hiyo hapakuwa na wingu hata moja.

Hapo ndipo kibofu kikaingia. (Ugonjwa huu, jamani, kibofu hakiombi, kinaamuru.) Nikauliza choo, nikaonyeshwa nyuma ya jiko, nikaenda mbio, na niseme wazi kwamba nilikiwahi, hiyo sifa msininyang'anye. Tatizo lilikuwa kurudi. Nilipoizunguka kona ya jiko, mama yake Kabula alikuwa ameketi chini akipeta choroko kwenye ungo. Nikamwona mara mbili. Nikaamua kupita katikati yao.

Mnajua kwetu mama mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali, mkikutana njiani unampisha, hata mkono hampeani, na kaka wa muoaji ni mkwe vilevile. Mimi nilimwangukia mzima mzima, suti, tai, na kalamu mbili. Choroko zikaruka kama mvua ya mawe.

"Mayu wee! Nimeangukiwa na mlevi!"

Mzee Maduhu akafika, akanikalisha, akachuchumaa mbele yangu. "Nipulizie."

Nikampulizia. Akanusa kama mtu anayenunua samaki. Akanusa tena.

"Pombe hakuna," akasema polepole. "Basi ni bangi."

"Baba, mimi..."

"Nyamaza. Jilala, beba mtu wako. Shauri limekwisha."

Shauri limekwisha! Akilini nikamwona Masanja, mikono yake miwili, nami nimekaa kwenye choroko nalia. Lakini mama mkwe alikuwa bado hajamalizana na mimi. Alichota maji ya mtungini, yale ya baridi, akasimama mbali kama desturi inavyotaka, akanimwagia. "Hata kama ni bangi, itazimika!" Kata ya pili. Ya tatu. Ya kumi.

Na mimi, wenzangu, nikaanza kupona. Sufu ile ilishika maji yote. Baada ya kitambo ulimi ukalegea, miguu ikanisikia, na yule Mzee Maduhu wa kushoto akafifia, akafifia, akaingia ndani ya mwenzake.

"Sasa nakuona mmoja," nikamwambia, "na nitakueleza." Nikatoa daftari lenye maneno ya daktari, limelowa. "Baba, redio yako, panya akitafuna mpira wa waya, inafanyaje?"

"Inakoroma."

"Basi ubongo wangu ndio betri, miguu na macho ndiyo redio, na mpira wa nyaya umetafunwa. Joto likizidi, inakoroma zaidi."

Akafikiri. "Na huyo panya, katumwa na nani?"

"Hajatumwa. Ni kinga ya mwili wangu mwenyewe, imenigeuka."

"Unaambukiza?"

"Hapana. Na Masanja ni mzima, hana dalili yoyote."

"Na hauponi."

"Hauponi. Natembea na fimbo. Leo nimeificha ili mtupe binti."

Mzee akaokota choroko moja begani mwangu, akaitupa. "Ungekuja nayo ningekuuliza unaumwa nini, ungeniambia, tungekunywa chai. Sasa umesalimiana na nguzo yangu." Midomo ikamcheza. Kutoka jikoni Kabula akaangua kicheko, mama yake naye, mwisho Mzee mwenyewe akakaa chini na kofia yake, mabega yanatikisika.

Nikatozwa faini ya mbuzi mmoja kwa kumgusa mama mkwe, na Mzee akanipa fimbo yake ya kuchungia ng'ombe ya kurudia nyumbani. Masanja alioa. Siku ya harusi niliwekewa kiti kivulini, na pembeni yake mama mkwe alikuwa ameshaweka mtungi, umejaa, na kata juu.

Tangu siku ile sitoki bila fimbo, hata kwenda kununua chumvi, na anayetaka kuuliza naumwa nini aandae muda, maana nitamweleza hadi habari za panya. Ile suti Nkwimba aliipeleka shambani itishe ndege kwenye mtama. Imesimama juani kutwa nzima, wima, kifua mbele, haiyumbi, na zamani nilikuwa nikiipita naionea wivu, mpaka siku moja nikaifungua vifungo nikaona ndani yake kuna fimbo.