Tawi Lililoletwa na Meneja

Meneja alipotangaza kwamba kiwanda kitakuwa na tawi la chama cha wafanyakazi, wanawake wa meza ya minofu walipiga makofi. Matrida hakupiga. Aliendelea kuchuna ngozi ya sangara. Miaka yote, aliyetamka neno "chama" mle ndani alihamishiwa chumba cha baridi mpaka akaacha kazi mwenyewe. Leo chama kinaletwa na meneja, tena na mwenyekiti yuko tayari: Samweli, dereva wake.

Jumapili akatoka Musoma kwa basi hadi Nyamuswa kumwona baba yake, mzee Magesa, aliyefanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba enzi za ujamaa.

"Baba, kwenu ilikuwaje?"

"Tulikuwaga tunaambiwa kiwanda ni chetu," mzee alisema huku akimfunga ndama. "Na kweli, mtu hakufukuzwa ovyo, ukiugua unatibiwa. Lakini mwenyekiti wa tawi alikujaga na gari kutoka mkoani. Sisi kazi yetu kunyoosha mikono."

"Hamkukataa?"

"Tumkatalie nani? Mwenye kiwanda si ni sisi?"

Matrida akarudi kwake Kigera, pale Musoma, na mashaka maradufu.

Siku ya uchaguzi meneja alisimama mbele yao. "Anayemtaka Samweli anyooshe mkono."

"Bosi," Matrida alisema, "tunaomba utupishe, tupige kura ya siri."

Meneja akatabasamu, akatoka. Tabasamu lile lilimtisha Matrida kuliko kama angekasirika.

Wakapendekeza majina yao wenyewe, wakapiga kura; aliyemshinda Samweli ni Yunis, wa meza ya kufungasha. Haikupita wiki, Yunis akapandishwa kuwa msimamizi, na Matrida akapelekwa chumba cha baridi. Wenzao wakawa wananyamaza Yunis akipita. Jioni Matrida akamngoja getini.

"Dada Yunis, wewe ni wetu au ni wao?"

"Cheo sikukiomba. Nilikikataa, wakasema ni amri." Yunis alikuwa anatazama chini. "Kesho nina kikao na meneja. Nitaanza na hilo lako la chumba cha baridi."

"Sitaki kuja kusimuliwa. Nataka nikae humo nisikie mwenyewe."

Yunis aliinua macho. Haikujulikana kama ameudhika au amepata nafuu.

"Basi njoo."

Kesho yake Matrida aliingia ofisini na gambuti zake zinazonuka samaki. Meneja akamwonyesha kiti kando ya Yunis. Matrida akakiacha, akavuta kingine pembeni, mahali pa kuwaona usoni wote wawili.