Hesabu Yangu Imewika

Leo alfajiri, hapa Karatu, hesabu yangu imewika.

Miezi kadhaa iliyopita nilimshawishi Mama ampe jirani yetu, Mama Neema, kuku wake anayetaga, naye atupe vifaranga watano.

"Mama, kila kifaranga ni nusu kwa nusu, jogoo au mtetea. Kupata majogoo watupu ni nafasi moja kati ya thelathini na mbili!"

Leo wamewika wote watano.

Mama hata hakunitazama. "Sasa hiyo moja kati ya thelathini na mbili itataga lini?"

Mama Neema akacheka ng'ambo ya ua. "Mwanangu, ulidhani nilichagua nimefumba macho?"

Jamani, ile binomia, hesabu ya nafasi ya kidato cha sita, haikutaja jirani mwenye macho!

Nani ana mtetea, nimpe majogoo wawili? Safari hii anachagua Mama.